Kinyozi Pazi na Mkono wa Taifa

Nchi ya Shukrani haipakani na nchi yoyote unayoifahamu, kwa hiyo usijisumbue kuchungulia dirishani. Ni nchi ya mbali, yenye amani tele, ambako watu hushukuru kwanza ndipo wakauliza walichopewa. Umeme ukikatika huko, watu hushukuru kwa ule uliokuwepo jana. Anayetawala ni Mlezi Mkuu, mtu wa huruma nyingi mno, ambaye hulia hadharani kila akikumbuka jinsi anavyowapenda wananchi wake. Wananchi nao humpigia makofi. Makofi ndiyo uraia wenyewe: askari akikusimamisha barabarani hakuulizi jina wala unakokwenda, anakuambia tu, "Hebu piga tukusikie."

Katika nchi hiyo njema aliishi kinyozi mmoja jina lake Pazi, mwenye kibanda kando ya soko la dagaa. Pazi alizaliwa na mikono miwili na akaitumia vizuri kwa miaka mingi. Wa kushoto aliupoteza katika sherehe ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu. Mwaka ule wanajeshi walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya gwaride, basi wakakamatwa raia wa sokoni waje kuwasha mizinga ya heshima. Mzinga aliopangiwa Pazi ulikuwa mkongwe kuliko nchi yenyewe. Ukapasuka. Taarifa ya habari ya jioni ilisema mlio wa mwaka huo ulipendeza kuliko ya miaka yote iliyotangulia. Mkono wa Pazi haukutajwa, maana habari za huzuni haziruhusiwi siku ya sikukuu.

Pazi akauguza jeraha, akarudi kibandani, akajifunza kunyoa kwa mkono mmoja. Wateja wakamzoea upesi. Mteja mwenyewe alilivuta shavu lake kwa vidole, Pazi akapitisha wembe, na maongezi yakaendelea juu ya mpira na bei ya sukari. Mkono wa kulia ulifanya kazi ya miwili na haukulalamika. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni vichwa vya watoto wachanga. Kabla ya ajali, akina mama walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kumletea watoto waliotimiza arobaini, awatoe nywele za kuzaliwa nazo. Kichwa cha mtoto wa umri huo kinapwita utosini na shingo yake haijakaza. Lazima mkono mmoja ukipakate na mwingine unyoe. Pazi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Watoto walilala usingizi mikononi mwake, wakaamka wana upara.

Sasa binti yake wa pekee, Sikudhani, alikuwa mjamzito. Kila akija kuwasalimu wazazi wake, Pazi alilitazama lile tumbo, kisha akakitazama kigutu chake, na moyo ukamuuma. Alitaka kumnyoa mjukuu wake yeye mwenyewe. Hakuwa na shauku nyingine duniani.

*

Basi ikatokea kwamba Mlezi Mkuu aliona kwenye televisheni rais wa nchi nyingine akigawa viti vya magurudumu, akikumbatiwa na walemavu na kupigwa picha nyingi nzuri. Roho ikamuuma. Akaagiza kwamba nchi ya Shukrani nayo iwe na teknolojia ya kuwasaidia walemavu, iwe ya kisasa kuliko ya yule bwana, na iwe tayari kabla ya Sikukuu ya Huruma.

Agizo likamwangukia Waziri wa Faraja, Mheshimiwa Tindwa, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza msiba, ambaye hata akiomba chumvi mezani watu huinamisha vichwa. Tindwa akaunda kamati. Hakumweka mlemavu hata mmoja ndani yake, kwa sababu, kama alivyoeleza, hawa ndugu zetu wana matatizo ya kutosha na si vizuri kuwaongezea vikao.

Hata hivyo kamati ilitaka kuuonja ulemavu kwa dhati. Wajumbe wakaenda hotelini, kila mmoja akafungwa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kwa tai yake, wakakaa kula chakula cha mchana. Kwa mshangao wao hawakupata shida yoyote. Wahudumu waliwakatia nyama, wakawamenyea ndizi, na mjumbe mmoja alilishwa mpaka akasinzia. Mwenyekiti alikuwa karibu kutangaza kwamba ulemavu ni jambo lililokuzwa na magazeti, mara mlango ukafunguliwa na Mlezi Mkuu akaingia kuwasalimu.

Hapo ndipo walipoyaona mateso. Zile tai zilikuwa zimekaza, hazifunguki. Huyu akajipiga paja, yule akajipiga shavu, wawili wakakimbiliana ili wagonganishe viganja, wakapishana na kuangukia bakuli la mchuzi. Mlezi Mkuu alisimama pale pale akisubiri makofi, na uso wake ukaanza kubadilika. Alipoondoka, wajumbe walikuwa wanalia kama watoto. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba uchungu mkubwa kuliko wote wa mtu mwenye mkono mmoja ni kushindwa kumpigia makofi kiongozi wake, na kwamba ni ukatili kuwaacha wananchi wateseke hivyo.

Ili utafiti usionekane wa upande mmoja, wakataka pia kumsikia mlemavu. Akaletwa Pazi.

"Mzee Pazi," akaanza Bwana Luhende, mtaalamu mkuu wa kamati, ambaye kwa kweli alisomea ujenzi wa madaraja. "Sema, usiogope. Unakosa nini maishani?"

"Mkono, bwana mkubwa."

"Hilo tunaliona. Mkono wa kufanyia nini?"

"Wa kushika kichwa cha mtoto mchanga nikimnyoa. Binti yangu anakaribia kujifungua. Ningepata mkono wa kushika polepole tu, hata wenye vidole viwili, ningewaombea dua maisha yangu yote."

Luhende akawageukia wenzake, macho yamemlowa. "Mmesikia? Anaona haya kulisema lenyewe."

"Hapana, bwana mkubwa, ndilo lenyewe hilo..."

"Mzee wangu," akasema Luhende akimshika bega, "na sisi tulifungwa. Tulikaa hivyo mchana mzima. Usitufiche kitu, tunakujua kuliko unavyojijua."

*

Mkono ukatengenezwa. Ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi za bendera, na kiganja chake kilikuwa bapa, kipana, kimevikwa ngozi nene ili kilie vizuri. Vidole viliunganishwa pamoja, kwa kuwa Luhende aligundua kwamba vidole vilivyoachana huvujisha sauti. Haukuweza kushika wembe wala kijiko. Ulichoweza ni kusikia. Ndani yake mliwekwa sikio la umeme lililofundishwa sauti ya Mlezi Mkuu, na sauti hiyo ikitokea popote, iwe redioni au kwenye kipaza sauti, mkono uliamka wenyewe na kuanza kupiga makofi, na haukuacha mpaka hotuba iishe. Ukapewa jina la Mkono wa Taifa.

Siku ya Sikukuu ya Huruma, Pazi akapelekwa uwanjani kuupokea, na hapo afisa itifaki akashika kichwa. Katika nchi ya Shukrani kitu cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Kumpokea Mlezi Mkuu kwa mkono mmoja ni tusi, na tusi hilo lina gereza lake maalumu.

"Basi nivalisheni kwanza huo mkono, halafu ndiyo niupokee," akasema Pazi.

Afisa itifaki akamtazama kwa masikitiko. "Uvae kitu ambacho bado hujapewa? Mzee, huo ni wizi."

Ikabidi aazimwe mkono. Koplo Songoro, askari wa pale sokoni, akajibanza nyuma ya Pazi ndani ya joho moja kubwa, akautoa mkono wake wa kushoto pale ambapo wa Pazi ungetokea. Wananchi waliokuwa wakitazama televisheni wakamwona mzee mwembamba mwenye mkono wa kulia uliokondeana na wa kushoto mnene, wenye manyoya, umevaa saa. Hakuna aliyeshangaa, maana kushangaa kulipigwa marufuku tangu uchaguzi uliopita. Pazi alipochelewa kutabasamu, ule mkono wa kushoto ukamfinya ubavuni.

"Mwananchi mwenzangu," akasema Mlezi Mkuu, "niliposikia kwamba huli, hulali, unalia tu kwa kukosa kunipigia makofi, na mimi nililia. Leo nakukomboa. Usinishukuru!"

Akanyamaza kusubiri shukrani. Zilipokwisha, Luhende akaufunga mkono kwenye kigutu cha Pazi, akautia kufuli dogo la chuma begani wezi wasije wakauiba, na ufunguo akamkabidhi Mlezi Mkuu mwenyewe. Mlezi Mkuu akasema, "Asanteni sana," na pale pale mkono ukaruka, ukautafuta mkono wa kulia wa Pazi, ukaanza kuutwanga. Uwanja mzima ukapiga kelele za furaha. Pazi naye alipiga kelele, ila zake zilikuwa za aina nyingine.

*

Sheria ya Shukrani inataka kila duka liache redio wazi, na Mlezi Mkuu hupenda kuzungumza na watu wake. Huwaeleza hali ya hewa, huwasimulia ndoto zake, na siku nyingine huwasomea majina ya dawa anazotumia. Kwa hiyo Mkono wa Taifa haukukosa kazi.

Wa kwanza kuuonja alikuwa muuza dagaa, mteja wa miaka mingi. Pazi alikuwa amemtia povu na kuushika wembe, mara redio ikakohoa kile kikohozi kinachotangulia hotuba. Pazi akauficha haraka mkono wa kulia mgongoni, ili usije ukapigwa huku wembe uko kiganjani. Mkono wa Taifa ukautafuta mwenzake, ukaukosa, ukachagua kitu cha karibu. Kitu cha karibu kilikuwa shavu la muuza dagaa. Siku hiyo Mlezi Mkuu alikuwa akieleza faida za uvumilivu, mada anayoipenda, na alipomaliza muuza dagaa alikuwa ameshatema jino.

Akaenda kushtaki kwa Koplo Songoro. Songoro akalikagua lile shavu, akasimama wima, akalipigia saluti.

"Hilo siyo kofi la Pazi," akamwambia. "Hilo ni kofi la serikali. Mtu kama wewe, muuza dagaa, ungelipatia wapi? Nenda nyumbani ukawaoneshe watoto."

Alikwenda, na hakurudi tena kunyolewa. Wengine nao wakaacha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kufuga ndevu kwa uzalendo. Kibanda kikabaki na Pazi, redio na kioo.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangu amwoe Mwamvua, Pazi hakuwahi kumwinulia mkono. Sasa jirani akiwasha redio, Mwamvua aliruka kutoka jikoni hadi uani, na kama alichelewa aliumia. Baadaye Pazi alikuwa akilia kwa aibu na Mwamvua ndiye aliyembembeleza, huku akimkanda ule mkono wa kulia kwa maji ya moto yenye chumvi, maana ulikuwa umevimba na kucha zimepiga weusi.

"Baba Sikudhani, twende wakautoe," akasema. "Huu siyo mkono, ni jini. Utakumaliza huo mzima uliobaki, halafu tutakula nini?"

Wakaenda wizarani. Bwana Luhende aliwapokea vizuri, akawapa viti.

"Kuutoa?" akauliza kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Mzee, ufunguo yuko nao Mlezi Mkuu, ameuning'iniza shingoni. Nani atakwenda kumwambia ainamishe shingo?"

"Basi uwekeeni kitufe cha kuuzima," akasema Pazi. "Niuzime wakati wa kazi tu."

"Hilo tulilijadili sana. Tukajiuliza ni nani atakayetaka kuuzima. Tukaulizana humu humu wizarani, hatukumpata hata mmoja."

"Na nikiufunga kwa kitambaa, bwana mkubwa?"

Luhende akainuka akafunga mlango, akarudi akisema kwa sauti ya chini, "Mzee Pazi, mimi sijakusikia. Kuufunga mkono huo ni sawa na kumziba mdomo Mlezi Mkuu. Nenda zako, na upige vizuri."

*

Sikudhani akajifungua mtoto wa kiume mwenye nywele nyingi ajabu, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye paji la uso. Pazi hakuthubutu kumkaribia. Alimwangalia akiwa mlangoni, ule mkono wa chuma ameukalia.

"Baba, njoo umwone mjukuu wako," Sikudhani alimwita.

"Namwona, mwanangu. Namwona kutoka hapa hapa."

Siku zikasogea na arobaini ikakaribia. Siku moja mchana Pazi alikuwa amekaa kibandani peke yake, Mlezi Mkuu amelala kidogo baada ya chakula, kama ilivyo desturi yake, redio inapiga brasbendi. Pazi akaulaza ule mkono mapajani, kiganja kikatazama juu. Akakitazama. Kilikuwa bapa, kipana, kimevikwa ngozi. Akakiwekea juu yake chungwa. Chungwa likatulia. Mkono ule haukuweza kushika kitu, lakini mradi umenyamaza uliweza kubeba, na kichwa cha mtoto mchanga hakihitaji zaidi ya kubebwa.

Akamwendea mkewe akikimbia, mzee mzima.

"Mama Sikudhani, nitamnyoa! Nitamnyoa mimi mwenyewe, wakati ule Mlezi Mkuu anapolala."

Mwamvua alimtazama kwa muda. Aliogopa, lakini hakuwa ameuona uso huo tangu siku ya mzinga, akashindwa kumkatalia. Wakajipanga. Siku ya arobaini, Mwamvua akaizima redio yao na kuifukia ndani ya gunia la mchele, kosa ambalo adhabu yake hatutaitaja hapa mbele ya watoto. Majirani wote walikuwa sokoni. Madirisha yakafungwa. Pazi akakaa mkekani, Sikudhani akamlaza mtoto mbele yake, kichwa juu ya kile kiganja cha chuma chenye rangi za bendera. Mtoto akapiga miayo. Pazi akakilowesha kile kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akausogeza wembe kwenye paji la uso, na nywele za kwanza zikaanguka laini. Machozi yakamtoka.

"Unaona?" akanong'ona. "Amelala. Wote hulala kwangu."

Sasa lazima tumtaje tena Mheshimiwa Waziri Tindwa. Mwenzetu huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kwamba kinyozi Pazi amepata mjukuu, akaona ni vizuri serikali imshangaze kwa furaha. Akamwomba Mlezi Mkuu arekodi salamu za pongezi, akazitia katika gari la matangazo lenye vipaza sauti vinne, akalipanda mwenyewe, akaja nalo taratibu hadi mbele ya nyumba ya Pazi. Nusu ya kichwa cha mtoto ilikuwa imenyolewa gari liliposimama nje ya dirisha.

"Ndugu yangu Pazi," ikanguruma sauti ya Mlezi Mkuu, "nimefurahi kama babu..."

Mkono wa Taifa ukachomoka chini ya kile kichwa na kupanda juu. Pazi aliona utakaposhukia. Akautupa wembe, akaunyoosha mkono wa kulia, akaufunika utosi wa mjukuu wake kama bakuli. Chuma kikashuka. Mifupa ya mkono ikalia, na mtoto akaamka akipiga kelele.

"Mchukueni!" akapaza sauti Pazi. "Mama Sikudhani, mchukue mtoto!"

Mwamvua akamvuta mtoto miguuni, Sikudhani akambeba akakimbilia uani. Pazi angeweza sasa kuuondoa mkono wake, lakini haukumsikia tena; ulibaki umelala mkekani, na ule wa chuma ukaendelea kuushukia, kwa mpigo ulionyooka, bila haraka, kama mtu anayetwanga mihogo. Mwamvua alijirusha juu yake kuuzuia, ukamtupa ukutani. Hotuba ilikuwa ndefu. Mlezi Mkuu aliisalimu mikoa yote, akataja mito.

Nje, Waziri Tindwa alikuwa ameinua kidole. "Sikilizeni," aliwaambia wasaidizi wake. "Sikilizeni makofi hayo! Na vigelegele vya wanawake, mnavisikia? Jamani, nchi hii ina watu." Akatoa leso, akafuta macho.

Hotuba ilipokwisha na makofi yakakoma, akawa mnyonge.

"Rudieni," akasema.

*

Gazeti la serikali likatoa picha ya Pazi ukurasa wa mbele, amelala hospitali, chini yake maneno yanayosema kwamba huyu ni mzalendo aliyepiga makofi mpaka mkono ukavunjika. Madaktari walishindwa kuuokoa mkono wa kulia. Wakaukata. Pazi alipozinduka alimuuliza mkewe habari za mtoto kwanza. Akaambiwa mzima, hana hata mchubuko, ila upande mmoja wa kichwa bado una nywele, kwa kuwa Sikudhani amekataa kinyozi mwingine asimguse. Pazi akafumba macho, akasema alhamdulillahi.

Bwana Luhende akaja kumtembelea na mkono wa pili chini ya kwapa, umefungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Sitaki," akasema Pazi. "Nakuomba kwa jina la Mungu, bwana mkubwa. Sitaki."

"Mzee, wa kwanza ulikupa taabu kwa sababu ulikuwa unapiga nyama," akasema Luhende kwa upole wa kweli. "Hilo lilikuwa kosa letu la kitaalamu, nalikiri. Sasa tumeviondolea viganja ile ngozi, chuma kitapiga chuma. Hutasikia maumivu tena."

Na alisema kweli. Pazi hakusikia maumivu tena. Sauti ya Mlezi Mkuu ikitokea, mikono miwili iliinuka, ikapiga makofi safi, yenye mlio wa kengele, mpaka mtaa wa tatu watu wakajua kuna hotuba. Hotuba ikiisha, mikono ililala mapajani. Mwamvua alimlisha, alimvisha, alimpeleka msalani, alimkuna mgongo, na asubuhi alimpangusa tongo machoni. Kibanda cha sokoni kikapewa mtu mwingine. Ndevu za Pazi zikakua mpaka kifuani, nyeupe. Aliwakataa vinyozi wote waliotumwa na wizara, na mkewe hakuthubutu kushika wembe karibu na mikono ile.

Sikukuu ya Huruma ikafika tena. Pazi akapandishwa jukwaani, na safari hii itifaki haikuwa na tatizo, mikono ilikuwa miwili. Mlezi Mkuu akamzawadia wembe wa dhahabu. Mikono ya Pazi haikuupokea, ilikuwa inapiga makofi, basi afisa itifaki akautungia kamba na kumvisha shingoni.

"Wananchi," akasema Mlezi Mkuu, "mtazameni ndugu yetu huyu. Hachoki. Lakini nikiwatazama ninyi, nawaonea huruma. Naona mnapiga, na hotuba ikiwa ndefu naona mikono yenu inauma, inalegea. Mikono mliyozaliwa nayo ni dhaifu, haikuwa kosa lenu. Siwezi kuvumilia kuwaona mnateseka. Kuanzia mwaka huu, Mkono wa Taifa utatolewa kwa kila raia ambaye mikono yake itaonekana imechoka."

Watu wakavitupia jicho viganja vyao. Kisha makofi yakalipuka. Hayajawahi kusikika makofi kama yale katika nchi ya Shukrani. Wazee waliinuka na magongo yao wakayatupa chini ili wapate kupiga. Sikudhani, mwanawe mgongoni, alifikisha mikono nyuma, akavishika vile viganja vidogo akavigonganisha.

Jukwaani Pazi alikuwa analia. Machozi yalimwingia puani na mdomoni, nzi akatua kwenye jicho lake, na mikono yake miwili ilikuwa mbele ya uso wake kabisa, inapiga makofi. Akamtafuta mkewe kwa macho. Mwamvua alikuwa safu ya mbele na alimwona. Hakuna siku aliyoacha kumfuta uso, na jukwaa halikuwa mbali. Lakini Koplo Songoro alikuwa akipita taratibu kati ya safu, akitazama mikono ya watu, akimgusa bega huyu na yule, na walioguswa walikuwa wanatolewa nje.

Mwamvua akapiga makofi. Akapiga kwa nguvu kuliko wote, ameinua mikono juu ya kichwa, ili aonekane kwamba yake bado mizima. Machozi ya Pazi yakashuka mpaka kwenye ndevu, na katika uwanja ule wote uliojaa mikono hapakuwa na hata mmoja wa kumfuta.